Vidonge vya Suzi

Jina langu msiliandike, na kijiji pia, maana huku mlimani tunajuana. Nina miaka hamsini na mmoja, mke wa ndoa ya kanisani. Watoto wameshaondoka wote, tumebaki watatu: mimi, mume wangu na Suzi. Suzi ni mbwa. Chekeni tu, lakini huyo ndiye mke mwenzangu.

Suzi amezeeka, nyonga na magoti vimekakamaa, akitaka kuinuka asubuhi analia. Mume wangu, ambaye tangu apunguzwe kazini ana kibanda cha biashara Moshi mjini, alimleta daktari wa mifugo. Akasema ni ugonjwa wa viungo: asilale kwenye baridi, asinenepe, atembezwe taratibu, apewe kidonge asubuhi na jioni. Basi Suzi akatandikiwa majani makavu ya migomba karibu na jiko. Kila jioni mume wangu anamkanda kwa kitambaa cha moto, "Pole mama, pole mama." Mimi ananiita Mama Eliya, kwa sauti ya kuagiza chai.

Na mimi magoti yananiuma! Tangu niolewe napandisha majani ya ng'ombe kichwani. Nilipomwambia alijibu, "Uzee huo, Mama Eliya. Jipake mafuta." Wivu ulinikaba, sifichi.

Yeye huondoka alfajiri, hivyo kidonge cha asubuhi natoa mimi, ndani ya kipande cha ndizi. Siku moja nikaila ile ndizi mwenyewe. Tumbo liliniwaka, lakini bondeni nilishuka kama msichana. Nikaendelea wiki tatu, Suzi nikimpa ndizi tupu. Alikuwa anaipokea huku anatikisa mkia.

Juzi ameshindwa kabisa kuinuka. Mume wangu machozi yakamlenga. "Dawa imekataa. Mwisho wa mwezi daktari atakuja kumchoma sindano apumzike."

Sisi Wachaga, ukimpelekea mtu jani la isale kumwomba msamaha, hakatai. Nimelichuma, liko ndani ya kanga yangu, linanyauka. Kila nikitaka kulitoa, roho inauliza: na mimi nani ataniletea isale? Nikinyamaza, Suzi anakufa bila kosa. Nikisema, atamkumbatia Suzi, na mimi nitabaki mwizi wa dawa ya mbwa.

Nishaurini jamani, nilitoe? Na nikilitoa, kwa maumivu haya, nitapigaje magoti mbele yake?