Bibi Aliyeuguza Gari Makambako

Nataka niseme wazi kabisa: gari la baba nusura linikoseshe mke, na mpaka leo sijalisamehe. Watu wakinisikia hucheka. Wacheke tu. Si wao waliowaswaga ng'ombe wa mahari yao wenyewe kutoka Njombe mpaka Makambako, kwa miguu, mvua inawanyeshea, wakamkabidhi mwenye gereji na kurudi mikono mitupu.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka kadhaa baada ya vita. Baba alirudi kutoka jeshini akiwa dereva. Dereva tu, si fundi. Huko jeshini gari likiharibika alikuwa anashuka, anasimama kando, anakuja mtu mwingine na spana. Kwa hiyo kuendesha aliendesha barabara, na hata mimi alinifundisha, lakini kilichokuwa chini ya boneti kilikuwa siri yake Mungu. Mkulima mmoja wa Kizungu alipofunga virago kurudi kwao, baba akauza ngano yote na pareto yote, akanunua pikapu yake kuukuu. Siku ilipoingia uani, mama aliifuta vumbi kwa kanga yake mpya. Mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na mchumba, na tayari nilishajiona nikishuka naye kanisani kutoka kwenye gari, watu wamesimama pembeni wanatutazama.

Mchumba wangu alikuwa binti wa mzee wa kanisa, ng'ambo ya bonde. Mahari tulishakubaliana, na ng'ombe wenyewe walikuwa zizini kwetu wananenepa. Mkwe wangu mtarajiwa alisema niwapeleke baada ya mavuno, nisichelewe, maana kulikuwa na mwalimu mmoja ameanza kupitapita pale kwake na baiskeli mpya. Baiskeli ile ilikuwa na kengele, na mwalimu aliipiga hata pasipokuwa na kiumbe njiani. Usiku nikilala nilikuwa naisikia. Niliichukia kengele ile, jamani, nashindwa hata kueleza.

Sasa, Makambako kulikuwa na gereji kubwa. Mbele waliuza magari mapya, nyuma walitengeneza ya zamani. Mafundi walivaa ovaroli nyeusi kwa grisi, ila kulikuwa na bwana mmoja aliyevaa koti jeupe kama dresa wa hospitali, na kalamu sikioni. Spana sikumwona ameshika hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kupokea wateja na kuwapa pole.

"Pole sana, mzee," alimwambia baba siku ya kwanza, hata hatujashuka.

"Pole ya nini?" baba akauliza.

"Nimelisikia linavyokuja."

Tulikuwa tumekwenda kubadilisha oili, basi. Bwana yule akalaza sikio juu ya boneti, akafumba macho, akatuashiria tunyamaze. Baba akavua kofia. Kisha yule bwana akayazunguka magurudumu, anayagusa kwa ncha ya kiatu, anasonya.

"Mzee, hewa iliyomo humu ulitia wapi?"

"Hapa hapa Makambako."

"Ndiyo maana! Hewa ya huku chini haijazoea baridi ya kwenu. Ikifika Njombe inajikunyata. Gurudumu unaliona limejaa, kumbe halina nguvu. Siku moja utateremka mlima nalo."

Baba alikuwa anaijua vizuri baridi ya mwezi wa saba, inayounguza majani ya viazi kama vile mtu amepita na moto. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Bwana wa koti jeupe akasema bahati nzuri wanayo hewa ya nyanda za juu, ni ghali kidogo. Wakatoa hewa yote, mpaka ya gurudumu la akiba, wakatia nyingine. Nikamnong'oneza baba kwamba pampu ni ile ile. Akanikata jicho.

"Wewe mambo ya hewa umeyasomea lini?"

Nikafyata mkia. Tukarudi nyumbani na hewa yetu ya nyanda za juu, baba anaendesha kwa heshima kana kwamba amebeba askofu.

Kuanzia hapo akawa ametiwa kiganjani. Kila tukienda, kuna kiungo kimeugua. Yule bwana alikuwa mjanja, halafu alikuwa anatujua. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba kabureta imeziba, atakuuliza bei. Ukimwambia ini la gari limeanza kuvimba, atakuuliza kwa sauti ya chini, "Je, litapona?" Basi likabadilishwa ini. Zikabadilishwa figo, zote mbili. Yakasafishwa mapafu. Nami naapa gari lilikuwa linakwenda vile vile lilivyokuwa linakwenda siku mkulima yule alipotukabidhi, na kikohozi chake kile kile cha asubuhi.

Na malipo? Ng'ombe! Tajiri mwenye gereji alipenda ng'ombe kuliko shilingi, alikuwa na malisho yake nyuma ya gereji. Kwa hiyo kila kiungo kikibadilishwa, mimi ndiye natumwa kuswaga. Niliwajua ng'ombe wale kwa rangi na tabia. Kuna mmoja mwekundu mwenye mimba, huyo nilipomwacha pale alinigeukia akalia, nami nikageuka upande mwingine haraka. Nyumbani mkwe wangu alipita siku moja kusalimia, akachungulia zizini, akauliza kwa upole, "Mbona siku hizi mna nafasi kubwa hivi?" Baba akaanza kuzungumzia mvua.

Wakabaki wawili. Ndipo yule bwana akalaza sikio lake tena kwenye boneti, akamshika baba bega. "Mzee, ni moyo. Umetanuka. Hili nalilaza hapa hapa, siwezi kukuruhusu uondoke nalo." Moyo mpya ungewekwa, na ukishawekwa ndipo malipo yaletwe: wale wawili waliobaki.

Tulirudi tumepanda lori la magunia. Nikamwambia baba, "Wale ni wa mwisho. Nitaoa kwa kitu gani?" Baba akanijibu, na mama ni shahidi wangu, "Mke hata mwakani yupo. Moyo hausubiri." Nililia. Nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikalia, mwanaume mzima na ndevu zangu, na kwa mbali ile kengele ya baiskeli inapita.

Aliyenikuta pale ni bibi, mama yake baba. Nikamweleza yote. Nilidhani atanionea huruma. Yeye akashtukia jambo jingine kabisa.

"Limelazwa? Mmeliacha na nani?"

"Bibi, ni gari."

"Najua ni gari, mimi si chizi. Gari hilo limekula ng'ombe kuliko mtu yeyote aliyewahi kuugua katika nyumba hii. Tena ni moyo! Hapa kwetu hakuna mgonjwa aliyelazwa bila mtu wa kumuuguza, na aibu hiyo hamtaniletea mimi nikiwa hai."

Akaenda kumfokea baba. Na baba, kwa kuwa aliuamini ule ugonjwa wa moyo kwa roho yake yote, atajibu nini? Alfajiri mimi na bibi tukapanda lori. Bibi alibeba mkeka, blanketi, chungu, unga, maharage na kibuyu cha togwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Pale gereji akasalimia "kamwene" kwa kila mtu, fundi mmoja mmoja, akauliza mgonjwa yuko wapi. Akatandika mkeka kando ya gurudumu la mbele, akaegemea, akaanza kuwasha moto apike. Lo! Bwana wa koti jeupe alikuja mbio, koti linapepea, "Bibi, petroli! Bibi, utatuua sote!" Moto ukahamishiwa ng'ambo ya barabara. Lakini bibi mwenyewe hakuhama. Usiku alilala ndani ya gari, blanketi nusu kajifunika yeye, nusu kaufunika usukani.

Mwanzoni yule bwana alifurahi mno. Akawa anawaleta wateja kumtazama. "Oneni upendo huu," anasema. "Huyu ndiye mteja." Bibi anawakaribisha togwa.

Asubuhi bibi akaenda mtoni kunawa uso. Hakukaa sana. Aliporudi, bwana wa koti jeupe alikuwa amesimama kando ya gari, anajifuta jasho ambalo sikuliona.

"Hongera, bibi. Moyo mpya umeshaingia. Mgonjwa karuhusiwa."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale juu ya mkeka, na boneti sikuona imefunguliwa. Nikafunua mdomo, lakini bibi akanitangulia. Akapiga magoti kidogo kama wanawake wa kwetu wanavyoshukuru.

"Ahsante sana, baba. Mungu akubariki. Sasa nipe ule wa zamani."

"Wa zamani wa nini?"

"Moyo. Nikauzike."

Hapa lazima nieleze. Bibi alipata kumuuguza dada yake kule hospitali ya Bulongwa alipopasuliwa tezi la shingo. Daktari alipomaliza, alimpa bibi tezi lenyewe ndani ya bakuli, limefunikwa kitambaa, wakalibeba mpaka nyumbani wakalizika. Kwetu kilichotoka mwilini mwa mtu wako hukiachi mikononi mwa wageni, mbaya wako asije akakichezea. Mchungaji alikuwa anaikemea sana desturi hiyo. Bibi alikuwa anaitikia amina, kisha anazika.

"Bibi, tumeshautupa," bwana akasema.

"Basi nioneshe mlipoutupa. Nina macho."

Wateja walishaanza kusogea. Yule bwana akaangaza huku na huku, akaenda nyuma ya gereji. Alikaa huko mpaka maharage yetu yakachemka. Mwisho akarudi na fundi mmoja, wamebeba pamoja dude la chuma lenye kutu, kubwa kama boga la mbegu, na nyuma yao kuku jike anawafuata analalamika. Bibi akatandaza kanga, akapokea kwa mikono miwili. Akalichungulia. Akaingiza mkono. Akatoa yai.

Halafu lilikuwa bado la moto.

"Yesu wangu!" bibi akasema. "Kumbe gari letu lilikuwa linataga?"

Jamani, mtu akiniambia kuna kicheko kama kile nitakataa. Fundi aliyebeba dude alikaa chini. Kuna dereva wa misheni alishikilia nguzo. Na bibi wala hacheki, kalishika yai, anamtazama bwana wa koti jeupe machoni kwa unyenyekevu, anasubiri jibu. Mpaka leo sijui kama alikuwa haelewi au alielewa kuliko sote. Nilimuuliza mara nyingi, akawa ananiuliza mimi kama nimekula.

"Basi haidhuru," akaendelea. "Nileteeni na ini. Na figo zote mbili. Hayo mapafu kama mliyasafisha tu, nitataka uchafu wake. Nizike vyote siku moja, nisisumbue watu."

Hapo ndipo dereva wa misheni akaacha kucheka. "Hebu ngoja," akasema. "Na figo za gari letu ziko wapi?" Mwenye duka mmoja akasema lake lilibadilishwa ini mara mbili, anayataka yote. Mzungu mmoja wa mashamba, aliyekuwa ananyonya kiko kimya muda wote, akauliza kwa Kiswahili chake cha shambani, "Ile hewa yangu ya zamani iko wapi?" Nikaona kumbe hatukuwa peke yetu wajinga. Moyo wangu ukapoa kidogo.

Tajiri mwenyewe akatoka ofisini kwa kelele zile. Akaona watu, akaona kanga, akaona dude, akaona yai mkononi mwa bibi. Alikuwa mwerevu, hakuuliza chochote. Akamwambia yule bwana avue koti aende akaoshe magari. Kisha akamwinamia bibi, akasema kwa sauti ya wote kusikia kwamba kumetokea kosa dogo, na ng'ombe wetu alio nao bado watarudishwa.

"Na ndama," bibi akasema.

"Ndama gani, mama?"

"Yule mwekundu alikuja hapa na mimba. Jana usiku nimemsikia anamwita mtoto."

Ndama akaja. Tulimpakia nyuma ya pikapu. Mchunga ng'ombe wa tajiri akawaswaga wengine wote waliosalia mpaka kwetu, na mimi nikaendesha, bibi kakaa kando yangu na lile dude mapajani, maana alikataa katakata kuliacha. Alilizika kweli, chini ya mianzi. Baba alisimama kaburini. Siku ya tatu alifungua boneti mwenyewe kwa mara ya kwanza, akachungulia humo, akafunga polepole. "Kote ni vyuma tu," aliniambia, na nilimwonea huruma sana baba yangu.

Ng'ombe walitimia kwa yule ndama. Tuliwapeleka mavuno yakiwa bado shambani, kabla mkwe hajabadili mawazo. Kwa desturi aliyetoa mahari anasimama aseme neno, na baba alipoinuka, bibi akamshika shati akamkalisha. Akasimama yeye.

"Ng'ombe hawa alishawapoteza huyu," akasema, ananionesha mimi, "na baba yake ndiye aliyewapoteza kwanza. Mimi ndiye niliyelala gerejini. Kwa hiyo msinichanganye: aliyeoa hapa ni mimi. Huyu kijana nitakuwa namwazima."

Wakwe wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mke wangu yeye hakucheka. Alinyanyuka pale walipokuwa wamekaa wanawake, akaenda kupiga magoti mbele ya bibi, akamwambia, "Nimekubali." Na akashika neno lake. Kila asubuhi, miaka yote aliyoishi bibi yangu, mke wangu alimpelekea uji wake kwanza, wa moto, akamwamkia, "Mume wangu, umeamkaje?" Mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu.