Chokaa ya Kupeleka Tanga

Mdogo wangu wa kike alisomea uhandisi, mie nikasomea fasihi. Ndiyo maana yeye ana kampuni na mie nina maoni. Kampuni ilianza kwa kutengeneza ukuta mmoja wa Mji Mkongwe uliokuwa ukimomonyoka, ikatoka hadi Bububu, ikafika Mwanakwerekwe. Kisha akapata kazi ya kwanza nje ya kisiwa: nyumba kongwe ya mawe mjini Tanga. Ukuta wa nyumba ile ukishindwa, aliniambia, hakuna mtu wa bara atakayempa wa pili.

Basi akabeba alichokiamini: mapipa ya chokaa yetu, iliyorowekwa shimoni kwa miezi. Mie nikafuatana naye kama mshauri. Ushauri wangu wote ulikuwa kuyashika mapipa yasipinduke melini, na moja lilinishinda.

Mwenye nyumba, bibi wa makamo yaliyopita, aliitikia shikamoo zetu, akauliza mapipa yana nini. Tulipomwambia, alikaa kwanza barazani, ndipo akacheka.

"Wanangu, mmevuka bahari kuleta chokaa Tanga? Mji huu umekalia chokaa. Mbona hamkuja na maji ya kuchanganyia?"

Mafundi wetu tuliovuka nao wakainamisha vichwa. Mie nilishaanza kupanga hotuba juu ya heshima ya Mji Mkongwe, lakini mdogo wangu alicheka kumshinda bibi, akaomba apelekwe kwa wachoma chokaa wa pale. Akairoweka yao kama tunavyoroweka yetu. Kisha, kwenye upande unaopigwa na mvua, akapiga lipu vipande viwili: kimoja kwa chokaa yetu, kimoja kwa yao. Masika yataamua, akawaambia mafundi.

Mvua zilipopungua alinipigia simu, mie nimesharudi kisiwani, sauti kama ya mtu anayetangaza harusi.

"Kaka, yetu imebanduka. Ya kwao imeshika. Nshaajiri mafundi wa hapa."

Mie ningebishana na mvua. Yeye aliikwangua yetu kwa mkono wake mwenyewe, akapiga nyumba nzima lipu kwa yao. Mapipa yaliyobaki yakaishia kupaka choo cha uani. Nyumba imesimama vizuri, na ni bibi yule yule aliyemsifia kwa jamaa zake wa Lindi.

Juzi nilimsindikiza bandarini akielekea huko. Nilitafuta mapipa, nikaona begi la nguo na mwiko tu. Nikamuuliza chokaa iko wapi.

"Ntaikuta," akasema, akapanda meli.