Mbwa wa Masunga Alivyotuponyea Paka

Enzi zetu, nyie wenzangu tuliolea watoto kule Kasokola miaka ya tisini, panya alikuwa kama mtu wa nyumbani. Anakula kabla ya baba mwenye nyumba, na ukimfukuza anakuangalia. Mwaka ninaoukumbuka walikuwa wamekwisha kula nusu ya karanga za mbegu kwenye kihenge, na mvua zilikuwa karibu. Katikati ya hapo nyoka akamuua paka wetu, Sijali, aliyetuachia watoto watatu ambao macho yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguka. Binti yangu Resti akawapa majina: Sikitu, Tatu na Jumapili. Mume wangu akawatazama, akasema, "Mama Resti, hao wakifa, msimu huu tutapanda mawe."

Basi nikaenda kwa Masunga, jirani yetu Msukuma aliyekuja na ng'ombe zake kutoka Shinyanga. Akanikamulia ng'ombe wake mweupe aliyeitwa Sabuni. Paka wakanywa, matumbo yakawa kama ngoma. Siku ya pili wakaanza kuharisha. Jamani, mnyama mdogo kama kiatu cha mtoto, ile harufu anaitoa wapi? Baba Resti alihamia uani na ugali wake.

Nikafanya tulichofundishwa kliniki, kile tulichokijua kuliko sala: maji lita moja yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Sukari ya wageni nikawapa paka. Resti anashika, mimi nadondoshea kwa kitambaa. Nikawafunga na nepi za kanga kuukuu. Lakini kila jioni nawarudishia maziwa ya Sabuni wapate nguvu, na kila asubuhi nafua nepi.

Siku ya kliniki ikafika. Mwanangu Deo nikambeba mgongoni, paka nikawafunga kifuani ndani ya kitenge. Nesi Skolastika akauliza, "Na huyo wa mbele ana muda gani?"

"Wiki tatu."

"Kadi yake?"

Nikafunua kitenge. Mama mmoja kwenye foleni alicheka mpaka mtoto wake akalia. Nesi akawatia wote watatu kwenye ule mfuko wa kupimia watoto, akautundika. Mshale wa mizani haukutikisika hata kidogo.

"Unawapa nini, mama?"

"Maziwa ya ng'ombe."

"Ndiyo yanayowaharisha. Waachishe leo. Wanataka mama mwenye chuchu ndogo, anayewapa joto na kuwalamba huko nyuma. Wewe utawalamba?"

Nikasema hapana.

Kasokola nzima hapakuwa na paka anayenyonyesha. Aliyekuwa ananyonyesha ni Kadogo, mbwa wa Masunga, aliyebakiwa na mtoto mmoja. Nikaenda nikamwambia Masunga kuwa maziwa yake yamewaharibu paka wangu. Akaumia kana kwamba nimemtukania binti.

"Nyie Wanyamwezi," akasema, "hata paka wenu wana matumbo ya kuazima."

"Na wewe Msukuma, ulinikamulia maziwa au gundi?"

Mnajua utani wetu na Wasukuma ulivyokuwa. Mtani akichukua kitu chako unacheka, unasubiri zamu yako. Mbele ya macho yake nikafungua kamba ya Kadogo, mtoto wake nikamtia kapuni, nikaondoka. Masunga akabaki anapiga kelele kuwa ameibiwa na huku anajipangusa machozi ya kucheka.

Nyumbani hakuna aliyecheka. Baba Resti alisimama mlangoni na fimbo. Kadogo akawanusa paka mmoja mmoja, meno yake yale yakiwa juu ya shingo ya Jumapili. Resti akanibana kidole bila kujua. Mbwa akamgeuza Jumapili kwa pua, akaanza kumlamba huko huko nesi alikosema. Halafu akajilaza, wakamparamia.

Siku ya tatu nikiwa shambani nikamwona Baba Resti anakuja mbio, mtu mzima, kofia mkononi. "Mama Resti, Tatu amekunya kigumu." Nilipiga vigelegele mpaka watu wa shamba la pili wakauliza nani kajifungua.

Karanga tulipanda. Sikitu na Tatu walisafisha kihenge chote. Masunga alipokuja kumchukua mbwa wake alimbeba na Jumapili, akisema aliyenyonya kwake ni Msukuma. Sikuweza kukataa. Paka huyo alikua anafuata ng'ombe machungani pamoja na mbwa, na panya hakuwajali kabisa.

Siku hizi nakaa Mpanda mjini kwa mjukuu wangu. Juzi paka wake mdogo kaharisha. Kijana akapiga picha kile kinyesi, akamtumia mtu kwenye simu, akajibiwa, bodaboda ikaleta dawa, paka akapona. Hakunyanyuka kwenye kochi, na hakuna jirani aliyejua. Nimecheka, ila siwezi kumsema, maana mimi nilichukua siku nyingi na sukari yote ya nyumba.

Lakini nyuma ya ukuta wetu kuna mbwa. Huu mwaka wa sita nasikia anabweka. Jina lake silijui, na la mwenye mbwa silijui.