Vichwa vya Ukuta wa Nyuma

Mdogo wangu alikuwa mfagizi wa sinema ya mtaani kwetu, na mtu akisema mbele yangu kwamba ile sinema ilikuwa nzuri, natema mate. Nzuri kwa waliokaa gizani. Asubuhi, taa zikiwashwa, mdogo wangu alikuta makohozi sakafuni, maganda ya karanga yenye mate, na bazoka zilizobandikwa chini ya viti mpaka viti vikaota ndevu. Harufu ya chooni ilikuwa inatoka yenyewe, inazunguka mtaa, inarudi kulala. Nzi waliingia wakiruka, wakatoka kwa miguu. Msicheke, niliwaona.

Lakini kilichomtia kinyaa kupita vyote ni ukuta wa nyuma. Safu ya mwisho iliegemea pale, na kila kichwa kiliacha doa lake la mafuta. Ukipaka chokaa, doa linajitokeza tena, limenona. Pembeni kabisa, karibu na mlango, madoa mawili yaliungana kama mapacha. Moja, bapa kwa nyuma, lilikuwa la shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mkata tiketi, ambaye siku zote alidai picha ikianza yeye husimama nje kulinda mlango. La pili lilinukia mafuta ya waridi, na mtaa mzima mwanamke wa kujipaka mafuta hayo alikuwa mmoja tu, fundi cherehani.

Mdogo wangu aliniambia mimi peke yangu. Hakumuuliza mumewe hata siku moja. Alimfulia, akampikia, akamzika. Sinema ikafungwa, popo wakahamia, naye akabaki kufagia mavi yao huku akingoja kwa hamu jengo libomolewe.

Wakaja watu wa urithi, wale wanaotunza majengo ya kale, badala ya wabomoaji. Mkubwa wao, mama mmoja mpole tuliyemwita Miwani, alizungukia kila chumba na kitambaa puani, akisifu. Paa litaezekwa, popo watafukuzwa, viti vitashonwa. Mdogo wangu akamwomba jambo moja tu: ukuta wa nyuma ubanduliwe lipu, upigwe mpya.

"Huu ndio urithi wenyewe, mama," Miwani akasema. "Tutauwekea kioo. Wazee watatuambia kichwa kipi cha nani, tuandike majina chini."

Mdogo wangu alikuja kwangu midomo imemkauka. "Dada, watu watakata tiketi waje kutazama fedheha yangu kwenye kioo."

Nikamwambia akwangue. Akasema wamekatazwa hata kugusa kwa kitambaa, na pakikwanguliwa pale tu, watu ndio watauliza zaidi. Kisha akaniuliza kama mtu amekatazwa kukaa. Nikasema viti ni vya kukalia. Akaniomba yale mafuta mabovu ya kikaango changu, yaliyogeuka meusi.

Mjue huyu ni mwanamke anayeosha sabuni kabla ya kuogea. Mafundi walipokwenda kula, alijimwagia yale mafuta kichwani, akakaa kwenye kiti cha fundi cherehani, shingo imekakamaa. Kisogo kilipogusa pale, matapishi yakampanda mdomoni, akayameza. Mimi niligeuka. Nilipotazama tena alikuwa anasugua kichwa kushoto na kulia, taratibu, kama mtu anayekataa posa. Akahamia kiti cha pili, akasugua na pale. Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Mapacha wakavimba, wakameza majirani, mpaka pembe yote ikawa doa moja, kubwa kama ng'ombe aliyelala.

Wazee wakaletwa. Kichwa hiki cha mchinja nyama, kile cha mwalimu, Miwani anaandika na kutabasamu. Walipofika mwisho wakasita. Kinyozi mstaafu, aliyewahi kushika kila kisogo cha mtaa huu, akainama, akanusa, akafungua mdomo.

"Hicho changu," akasema mdogo wangu.

"Chote hiki?" Miwani akauliza.

"Nimekaa sana."

Kinyozi alimtazama, akafunga mdomo wake. Miwani akaandika.

Sasa kioo kipo, na chini ya lile doa kuna jina la mdogo wangu peke yake. Wageni hulipiga picha na kusema limetunzwa vizuri. Sipiti pale nikiwa nimekula. Yeye alijiosha kwa sabuni ya kufulia, kwa magadi, kwa mchanga, na harufu ya kile kiti ikagoma kutoka, basi akanipa wembe nimnyoe kipara. Nywele tukazichoma uani. Ziligoma kuwaka, zikakaa zinachemka kama mchuzi, nasi tumeziba pua, tunangoja.