Anga ya Nyanya Ilipogeuka Rangi

Juzi, hapa mtaani Tuwan, simu iliniletea picha ya jua likitua kwenye sayari ya Mirihi. Sijui kama uliiona, rafiki yangu. Kule anga ya mchana ina wekundu wa vumbi, na jua likikaribia kuzama linazungukwa na mng'ao wa buluu, kinyume kabisa na huku kwetu. Watu walikuwa wakiisifu ati inapendeza. Mimi niliiweka simu kifudifudi, nisiione tena.

Nililelewa kijijini Ndalu na nyanya yangu, Kukhu kama tulivyomwita. Msimu wa mavuno uwanja ulinukia mahindi na moshi wa maharagwe yaliyochemka tangu asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza mahindi kwenye turubai kwa miguu, mpaka nyayo ziwashe. Kazi ya nyanya ilikuwa kutazama juu. Akisema "anikeni", tunaanika. Akisema "anueni", hata kama jua linachoma, tunaanua, na majirani waliokuwa wakituchungulia juu ya ua wanakunja turubai zao pia. Mvua za kutoka Mlima Elgon hazikuwahi kumpata.

Mwaka mmoja mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha sayari kwa chaki za rangi. Mwezini, alisema, anga ni nyeusi hata mchana, kwa kuwa hakuna hewa ya kutawanya mwanga. Kwenye Zuhura mawingu ni mazito hata mwanga unafika chini ukiwa rangi ya machungwa. Mirihi nayo imetawaliwa na vumbi. Rangi ya anga, akatuambia, hutegemea kile mwanga unachopitia kabla ya kukufikia. Niliogopa sana. Niliona hata ya kwetu inaweza kugeuka wakati wowote.

Jioni nikamsimulia nyanya, nikidhani atanicheka. Yeye aliendelea kuchambua maharagwe.

"Hiyo ya vumbi si ndiyo hii yetu? Toka mwaka jana iko hivyo tu, kama chai ya maziwa."

Nikatazama juu. Ilikuwa buluu tupu.

"Hapana, Kukhu. Iko buluu."

"Wewe mtoto, usinifundishe kuangalia juu!"

Nikaanza kumchunguza kwa hofu, namna alivyopapasa kikombe kabla ya kukishika. Siku chache baadaye wingu jeusi lilipanda upande wa mlima. Nyanya aliligeukia, akalitazama, akasema tuanike. Majirani nao wakaanika. Nilimvuta leso nikimwambia kuna wingu, akanisukuma kando. Mvua ikashuka, na mahindi ya njia nzima yakalowa. Mengi yaliota kuvu. Hakuna aliyemgombeza, ila kuanzia siku hiyo majirani walisikiliza redio, na nyanya akaacha kuketi uwanjani.

Shangazi alimpeleka hospitali ya Lugulu. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, wakasema, umemfunika polepole kama ukungu wa manjano. Alipasuliwa, na bandeji ilipotolewa alisimama nje ya wodi, uso juu, akalia kwa sauti bila aibu.

"Kumbe ilikuwa hapo siku zote, na nyinyi mnaiona!"

Macho yalipona, lakini hakujiamini tena. Kila asubuhi mpaka alipofariki aliniita nje nimwambie anga iko rangi gani, kisha ndipo aseme tuanike au tungoje. Sasa uwanja ule una nyumba za kupangisha, na sijui kama kuna anayeanika mahindi pale.

Kinachonitisha ni kwamba nyanya hakusikia maumivu yoyote, wala hakuona giza. Anga yake iligeuka kidogo kidogo, naye angeapa kwamba sisi ndio tunakosea. Nami naishi peke yangu. Jana asubuhi nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza jirani yangu mwenye duka anga iko rangi gani.

"Si ni buluu, bana," akanijibu, huku akihangaika na kufuli la duka, bila hata kuinua kichwa.