Rakaa za Swedi Mchinjaji

Kiangazi cha mwaka 1951, Swedi mchinjaji aliapa uongo mbele ya baraza, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya msahafu. Tangu siku hiyo hakulala tena usiku mzima.

Alikuwa Mkurya wa milimani Tarime, na baba yake alikuwa amempa jina la Mseti. Jina la Swedi alirudi nalo kutoka vitani. Alikuwa amepelekwa Burma na jeshi la Mfalme, akakaa hema moja na askari wawili wa Tabora waliokuwa wakisali hata mvua inaponyesha. Mmoja wao alipouawa, Swedi alimwomba yule aliyebaki amfundishe kutawadha. Aliporudi nyumbani ndugu zake walimcheka. Mkurya gani asiyekunywa pombe? Akachoka kuchekwa, akahamia Tarime mjini. Wakati ule mji wenyewe ulikuwa boma la serikali, soko, maduka machache ya Wahindi, na msikiti wa udongo ulioezekwa bati. Waislamu hawakufika kaya ishirini na walihitaji mchinjaji, basi wakampa kazi hiyo. Mke wake, Bhoke, hakusilimu. Alisema mizimu ya kwao inamtosha, lakini alimchotea mumewe maji ya kutawadha bila kuambiwa.

Mkosi uliingia na dume jekundu la ng'ombe. Kaka yake Swedi, Matiko, alimletea dume hilo usiku, akasema, "Chinja kabla hakujakucha." Swedi alijua maana yake, kwamba ni la wizi. Alinoa kisu akachinja.

Siku ya tatu waliokuwa wakifuata nyayo za dume lile walifika buchani. Nyuma ya banda waliikuta ngozi imewambwa juani, na sikio lake bado lina alama ya mwenye ng'ombe. Swedi akaulizwa, "Nani amekuuzia?"

Matiko alikuwa na watoto sita, na alikuwa amekwisha fungwa mara moja. Juma hilohilo mtu mmoja wa Busawe, ng'ambo ya mto Mara, alikuwa amepita mjini na ng'ombe wake halali, akaketi buchani akachoma ini, wakaongea habari za malisho. Hakuwa na ndugu hata mmoja Tarime. Jina lake ndilo lililomtoka Swedi kinywani.

"Nashoni wa Busawe."

Nashoni alipoletwa barazani alimtazama Swedi, akauliza neno moja tu. "Mura, mimi?" Mura ndivyo Wakurya wanavyoitana, mwanamume na mwenzake. Swedi akaweka mkono juu ya msahafu. Akaapa. Nashoni akapewa miaka mitano, akapakiwa kwenye lori kupelekwa jela ya mbali, upande wa Mwanza.

Mwanzoni Swedi alidhani ni tumbo. Alikuwa akilala saa tatu, na ikifika saa nane macho yanafunguka yenyewe. Anageuka, anatoka nje, anazunguka nyumba, anarudi ndani. Anakwenda buchani gizani kuhesabu kulabu za nyama ambazo hazikuwa na haja ya kuhesabiwa. Bhoke akamtengenezea dawa ya mizizi. Akainywa, na saa nane macho yakafunguka vilevile.

Ndipo akamwendea Maalimu Mrisho, mwalimu wa msikiti, mzee wa Ujiji aliyeishi kwa kushona magodoro. Alimkuta amekaa katikati ya pamba, sindano mdomoni.

"Shikamoo, Maalimu."

"Marahaba. Sema upesi, godoro hili linatakiwa leo."

"Sipati usingizi, Maalimu. Kila siku naamka saa nane."

Maalimu akatoa sindano mdomoni. "Na ukiamka unafanya nini?"

"Nazunguka."

"Unazunguka! Watu wanamwomba Mungu awaamshe saa hiyo, wewe umeamshwa bure halafu unazunguka? Theluthi ya mwisho ya usiku Mola anauliza, nani ana haja nimpe, nani anataka msamaha nimsamehe. Tawadha, usali rakaa mbili, na mbili tena, umalizie na rakaa moja ya witri. Omba. Hata mwenye dhambi za kujaa dunia hafukuzwi pale." Akarudisha sindano mdomoni. Hakuuliza dhambi yenyewe, na Swedi hakuitaja.

Usiku uleule alianza. Alisali pembeni ya kitanda, sauti chini, Bhoke asiamke. Sura alizohifadhi hazikufika kumi, akawa anazirudiarudia. Alipoinama kusujudu alikaa chini muda mrefu, paji la uso kwenye mkeka, akisema, "Nisamehe. Nisamehe." Siku za kwanza aliona moyo umepoa kidogo. Akafurahi, akadhani amepata njia.

Lakini ule upoaji haukudumu. Rakaa nne zikawa nane, nane zikawa kumi na mbili. Akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Watu wa msikitini wakamsifu kwa ucha Mungu wake, na kila sifa ilimchoma. Ilikuwa akimaliza kusali hawezi kukaa. Anatoka mlangoni, anatazama milima, anarudi mkekani, anaanza tena kama mtu aliyepoteza kitu na hajui amekiangusha wapi. Mwaka wa kwanza ukaisha, na wa pili, na wa tatu.

Mwanzo wa mwaka 1955 alikwenda ng'ambo ya mto kununua mbuzi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiishia kijiji cha Ringwani, hataki kukanyaga Busawe, lakini mwaka huo mbuzi walikuwa adimu, akajikuta huko. Kwenye boma moja mama mzee alimkaribisha kivulini, akamletea uji wa ulezi kwenye kibuyu. Swedi alikuwa amekwisha kunywa nusu alipomsikia akisema, "Wewe mtu wa mjini, huko kwenu hamsikii habari za jela? Mwanangu Nashoni yuko huko. Wengine wananiambia amekufa."

Swedi akateremsha kibuyu.

"Sijasikia, mama," alisema.

"Ukisikia niambie. Uliza Mokami, watu wote wananijua hapa." Akamwongezea uji. "Kunywa, mwanangu. Umechoka wewe, macho yako mekundu."

Hakununua mbuzi. Alirudi Tarime kwa miguu mwendo wa siku mbili, na usiku aliofika nyumbani alisali, akalia kwa sauti. Bhoke akaketi kitandani gizani.

"Mseti," akamwita kwa jina lake la nyumbani. "Leo utaniambia. Miaka mitatu nasikia unanong'ona nisamehe, nisamehe. Nilidhani una mwanamke."

Akamwambia yote, lile dume, Matiko, baraza, uji wa Mokami. Bhoke hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo kila usiku unamwambia Mungu jambo ambalo Mungu analijua. Na yule mama asiyelijua, unakunywa uji wake."

"Nikisema watanifunga. Na Matiko je? Ni kaka yangu."

"Mimi dini yako siijui," alisema Bhoke. "Lakini huyo Mungu wako, kama ni mwenye huruma, basi ana huruma na Mokami pia."

Swedi alikasirika, akamwambia anyamaze, mwanamke asiyesali anajua nini. Siku kadhaa hawakusemezana. Lakini yale maneno yalikuwa yamekwisha kuingia, na sasa hata katika kusujudu aliyasikia.

Ramadhani ya mwaka ule ilikuja katikati ya masika. Katika kumi la mwisho wanaume saba walikesha msikitini, mvua ikipiga bati hata sauti ya Maalimu haisikiki. Swedi alisimama nyuma ya wote. Alikuwa ameamua kwamba usiku huo ataomba jambo moja tu, aondolewe hofu. Aliomba, akangoja. Hofu haikuondoka. Ila alipoinua kichwa kutoka kwenye mkeka alijikuta anafikiria mto, kama utavukika, na nani ana mtumbwi upande huu. Akashangaa. Miguu ilikuwa imekwisha kukata shauri kabla yake.

Alfajiri baada ya sala alimshika Maalimu mkono, akamweleza kwa maneno machache. Yule mzee alibadilika uso. "Juu ya msahafu? Na mimi nilikuwa nakupa rakaa!" Akakaa chini kwenye unyevu. "Swedi, haki ya Mungu Mungu huisamehe. Haki ya mtu iko kwa mtu. Ningekuuliza siku ile. Ningeacha lile godoro nikakuuliza."

"Nitakwenda leo, Maalimu."

"Nenda. Na usiku usiuache. Usidhani ni bure kwa sababu ulikuwa mwongo. Nani unadhani alikuwa akikuamsha?"

Mto ulikuwa umefurika, maji ya rangi ya udongo yamebeba matawi. Mwenye mtumbwi alimngojesha siku nzima. Swedi alitembea ukingoni huku na huku, amefunga, amelowa, mara tatu akageuka kurudi Tarime na mara tatu akasimama. Kesho yake akavushwa.

Mokami alimtambua. "Mtu wa mjini! Umepata habari?"

Swedi hakuketi. "Mama, mwanao hakuiba. Mimi ndiye niliyesema aliiba. Niliapa uongo. Dume lile lililetwa na kaka yangu."

Yule mama alimtazama mpaka Swedi akainamisha kichwa. Vijana wa boma walikuwa wamesogea, mmoja ameshika fimbo. Mokami akawazuia kwa mkono.

"Uliyasema wapi maneno hayo?"

"Barazani. Bomani, Tarime."

"Basi umekosea njia. Mimi siwezi kumfungua. Nenda kayaseme pale ulipoyasema yale ya kwanza." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Swedi alikwenda bomani siku ya pili ya Idi. Karani alidhani amelewa, akamwambia arudi nyumbani. Akarudi bomani kesho yake, na keshokutwa, mpaka akaandikiwa maelezo na kupelekwa mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Habari ilimfikia Matiko kabla ya jua kutua. Alikuja buchani na rungu mkononi, lakini hakulitumia.

"Umemuuza ndugu wa tumbo moja kwa ajili ya mtu wa ng'ambo," alisema.

"Nilimuuza yeye kwanza, kwa ajili yako."

Usiku ule Matiko alivuka mpaka pale Sirari akaingia Kenya, akaacha mke na watoto sita. Swedi hakumwona tena maishani mwake, na jambo hilo nalo lilikuwa likimwamsha usiku. Yeye mwenyewe alifungwa mwaka mmoja kwa kiapo cha uongo. Nashoni alifunguliwa miezi miwili baadaye, ikiwa imebaki chini ya mwaka kifungo chake kwisha.

Jela Swedi alilala na watu ishirini katika chumba kimoja. Saa nane macho yalifunguka kama kawaida. Hapakuwa na nafasi ya kusujudu, akawa anasali ameketi, anainamisha kichwa tu. Mfungwa mwenzake, Mluo mmoja, alimwuliza anaomba nini kila usiku. Swedi akafikiri, akasema, "Zamani nilikuwa naomba nisijulikane. Sasa naomba nisamehewe."

Alipotoka, buchani palikuwa na mchinjaji mwingine. Akalima mihogo na mtama kwenye kipande cha shamba la Bhoke, akalisha pia watoto wa Matiko, ambao mkubwa wao alikataa kumsalimu.

Nashoni alikuja mara moja, mwaka 1957. Alikuwa amekonda, nywele zimeota mvi. Alikataa kuketi.

"Nimekuja kukuona tu," alisema. "Jela nilikuwa nakuona kila siku mkubwa kama jumba. Nilitaka nione ukubwa wako."

"Nisamehe, Nashoni."

"Sijui. Usiniulize leo." Akazungusha macho nyumbani mle, akaona mkeka ukutani, mahali pa magoti pamelika na kutoboka. Akaaga, akaondoka.

Swedi akahangaika upya. Bhoke akimsikia anaamka alikuwa akimwuliza, "Bado tu? Si umekwisha kusema, na jela umekwenda?"

"Bado."

"Basi utajuaje kama amekusamehe huyo Mungu?"

"Sitajua," alisema Swedi. "Lakini kama angekuwa amenitupa, si angeniacha nilale?"

Bhoke akageukia ukutani. Baada ya muda akasema maji yako kwenye chungu kidogo, kile kikubwa kinavuja.

Mwaka 1959, mvua za vuli zilipoanza, kijana alikuja kutoka Busawe na ujumbe mfupi. Mokami amefariki. Nashoni anasema aje.

Alikwenda. Alifika kesho yake adhuhuri, watu wengi wameketi uani, wanawake wanalia. Walipomwona, wakageuka wote. Mzee mmoja akainuka kama anayetaka kumfukuza. Nashoni alikuwa ndani ya kaburi lililofika magotini, ametoa shati. Alimtazama Swedi, akapanda juu, akamnyooshea jembe.

Swedi akavua kanzu, akashuka, akachimba. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua. Alichimba mpaka mikono ikachubuka, na alipochoka mwingine akapokea, kisha akapokea tena yeye. Jioni walizika. Hakuna aliyemwambia karibu, na hakuna aliyemwambia ondoka. Nashoni alimwonyesha pa kulala kwenye nyumba ya vijana.

Saa nane alikuwa macho. Akatoka kimyakimya, akatawadha kwa maji ya mvua yaliyotuama kwenye beseni, akatafuta mahali pakavu chini ya ukingo wa paa. Mlangoni pa nyumba kubwa aliona moto wa sigara. Nashoni naye hakuwa amelala. Swedi akaelekea kibla, akainua mikono, akaanza.