Helikopta Iliyoombewa Mpaka Ikazima

Hapa kijijini Tulia wapo watu waliowahi kupanda ndege. Aliyewahi kuwasha ndege iliyogoma ni mimi peke yangu, na shule niliiachia darasa la tatu.

Mwaka huo mto ulijaa, hakuna gari lililovuka kwenda Kitui mjini. Mke wa mwalimu alikuwa na uchungu siku ya pili, mkunga akasema mtoto amelala vibaya. Bahati nzuri daktari wa misheni alitua asubuhi hiyo kwenye uwanja wa shule. Akamlaza mama ndani ya helikopta, akaketi kando yake. Rubani, mzungu mmoja mpole, akawasha swichi zake, taa zikawaka.

Hapo mzee wa kanisa akainua mkono. Kwetu hata anayekwenda Kikima kununua viazi huombewa. Rubani kwa heshima akashuka, akainamisha kichwa, swichi akaziacha vilevile. Mzee akaombea mama, mtoto, mafuta, upepo, serikali, na wazazi wa rubani huko kwao. Kina mama wakaingiza nyimbo mbili katikati. Tulipofika amina, rubani alijaribu kuwasha, panga la juu likatikisika kidogo likalala. Betri ilikuwa imekwisha.

Mimi nilikuwa na posho mill yangu, mashine ya kusaga unga, ng'ambo ya uwanja. Nikaenda kumwuliza rubani betri yake ni volti ngapi. Ishirini na nne. Lori langu lilikuwa na ya kumi na mbili, na spika ya kanisa ilikuwa na nyingine ya kumi na mbili, najua maana mimi ndiye niliyekuwa nikiichaji kila Jumamosi. Hesabu hiyo hata darasa la tatu tuliifikia.

"Fundi," mwalimu akaniambia, "hii si mashine ya kusaga mahindi. Mke wangu yumo ndani."

"Ndiyo maana leo sisagi, mwalimu. Shika waya huu."

Rubani alituonya kwamba umeme ukiwa hafifu injini itaungua, na hapo hakuna safari tena. Nikazileta betri, nikatoa msasa. Kule Nunguni nilifundishwa kazi na fundi asiyejua hata kuandika jina lake, na somo lake la kwanza lilikuwa kusugua vichwa vya betri kwa msasa mpaka ving'ae. Nikavisugua vyote, nikaziunganisha betri mbili kwa waya nene, nikabana kwenye ile ya ndege. Rubani akapanda. Mzee wa kanisa akainua mkono tena.

"Mzee," nikasema, "tuombe ikiwa juu."

Hakuna aliyewahi kumkatiza mzee yule. Akanitazama, akaushusha mkono polepole.

"Haya, washa. Nitaomba macho yakiwa wazi."

Panga likazunguka, likashika kasi, kofia zikaruka hadi kwenye ua wa shule. Nikachomoa waya zangu nikiwa nimeinama kama mwizi wa kuku, ndege ikapaa.

Mtoto alizaliwa mchana huohuo hospitalini Kitui, msichana mwenye sauti kushinda mashine yangu. Mwalimu huniita Injinia mbele ya wanafunzi wake. Na mzee wa kanisa, kabla ya kuombea safari yoyote, kwanza humwuliza dereva kama amezima swichi.